Fidla ya Mkono wa Kushoto

Nyumba ya Seremala,
Nyuma ya Karakana.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mama watoto. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba baridi ya huko inakuingia mifupani, nikakuambia ni uzee, ukanuna. Basi bado ni uzee, meza dawa. Sisi hapa ningependa kusema hatujambo sote, lakini ningekudanganya.

Ndugu yako ameumia. Mwezi uliopita alikuwa karakana akipasua ubao wa mlango, msumeno wa umeme ukamkata ncha za vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Usishtuke sana, vidonda vimeshafunga, na daktari anasema ana bahati. Randa anashika, nyundo anashika, kazini amerudi. Lakini wewe unajua fidla, kwa hiyo unajua ninachotaka kusema. Vidole vile ndivyo vilivyokuwa vikibonyeza nyuzi.

Tangu baba yenu amwachie ile fidla, umewahi kusikia harusi ya mtaa huu iliyofanyika bila yeye? Milango ya nyumba hizi kaitengeneza yeye, na mabinti waliotoka kwenye milango hiyo kawatoa yeye, mbele kabisa, na shati lake jeupe na fidla begani. Hata mimi ndivyo alivyonipata. Mama alisema mwanamume wa makelele hafai, nikamjibu kwamba makelele yenyewe matamu.

Sasa kitinda mimba wetu anaolewa Desemba. Baba yake alimwahidi tangu hajaota meno ya pili kwamba siku yake atampigia mwenyewe. Mtoto kwa huruma anapita akisema haidhuru, redio itatosha. Baba mtu akisikia hivyo anasukuma sahani na kutoka nje. Nimelia, shemeji, sikufichi.

Wanaokuja kutoa pole wote wana methali moja mfukoni, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee wa watu alivumilia, mpaka juzi akamwambia fundi cherehani wa jirani, "Wewe, koleo langu zima. Aliyevunjika ni mhunzi." Yule bwana akamaliza chai yake haraka akaaga.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima raha. Ameanza kujifunza upya kwa mkono wa pili. Amezigeuza nyuzi, upinde kaushika kwa kile kiganja chenye vidole vifupi, na anajifungia karakana kila akimaliza kazi. Sauti inayotoka humo ni ya bawaba inayolilia mafuta. Anakwaruza uzi huu na wa jirani yake kwa pamoja, kwa sababu kile kijibao kinachozibeba nyuzi, kile mnachokiita daraja, bado ni cha mtu wa kulia. Nasikia anakitupa chini, kisha anakitafuta tena uvunguni.

Unaona tulipofika? Mimi nilikuwa bibi harusi mgeni nyumba hii siku ile ulipoushika upinde kwa kushoto, ndugu yako akakupokonya, akasema fidla haipigwi kwa mkono huo na yeye hatamfundisha mtu kuharibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya wali. Hukuula. Ukaenda zako, ukajifunza peke yako, na leo watu wa huko wanacheza kwa kushoto kwako. Ile picha yako ukipiga, ulipotuletea, ndugu yako aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia mpiga picha kaisafisha kinyume.

Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nimelima, shemeji, mpaka jembe limebaki mpini. Nimekuwa nikikupa salamu zake ambazo hakuzituma, na kumpa yeye zako. Nimechoka kuwa posta.

Wiki hii nilikuwa nafuta vumbi sebuleni, nikaona msumari mtupu ukutani. Picha yako haipo. Nikapeleka chai karakana, nikachungulia kabla ya kubisha. Ameiegemeza kwenye kopo la gundi, na mwenyewe kakaa mbele yake na fidla, anakunja kiwiko kidogo, anaitazama, anakikunja tena. Sikuingia na chai ile. Nilikaa jikoni nikainywa mwenyewe, ikiwa na chumvi ya machozi.

Yeye hatakuomba. Unamjua, angekufa kwa kiu kuliko kusema nipeni maji. Ninayeomba ni mimi. Njoo kabla ya Desemba, hata kwa siku chache. Ukitaka kumkumbusha ya zamani, mkumbushe, ni haki yako, lakini umfundishe kwanza.

Nisalimie mama watoto na mwanao Kipara, ambaye nasikia sasa ana nywele. Shangazi yenu anasema anakuombea, na anauliza kama huko hakuna vinyozi. Mungu akulinde na mikono yako yote miwili.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, ingawa nakuchokoza,
Mke wa Seremala.

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, ndugu yako akaingia kuuliza namwandikia nani. Nikasema dada yangu. Akaguna, akatoka. Halafu akarudi mpaka mlangoni, akawa anakitazama kizingiti, akasema, "Basi huyo dada yako muulize, daraja la fidla ya kushoto linachongwa upande gani." Shemeji, huyu mtu amekata mbao maisha yake yote. Hawezi kushindwa na kijibao cha ukubwa wa kidole gumba. Njoo.