Punda wa Mzee Wambua na Siku ya Mlolongo

Jumatatu, 8 Februari 1988
Bomba la boma la kuzuilia wanyama limekauka tena. Nimebeba madebe manne kutoka kioski cha maji, mimi karani mzima na tai shingoni. Ndani kuna punda sita, wote wamekamatwa na askari barabarani. Wenye punda hawaruhusiwi kuingia mpaka kesi isikizwe. Yule jike mwenye kidonda mgongoni ni wa Mzee Wambua, jirani yetu, anayepeleka makaa mtaa wa Tena kwa mkokoteni. Kesi yake ni tarehe 26. Bosi anasema punda hapigi kura. Anajiona mcheshi.

Jumatano, 10 Februari
Uchaguzi umekaribia. Chama ni kimoja, kwa hivyo nalinganisha watu. Wagombea wote watatu nimewauliza swali moja: wanyama wa mikokoteni utawafanyia nini?

Mwenye malori: watolewe mjini wote, wanachafua barabara. Wakili: ataunda kamati. Sikungoja amalize.

Mwalimu mstaafu alikuja bomani mwenyewe. Akavua koti, akakikagua kile kidonda, akauliza maji yanatoka wapi. Anataka bomba litengenezwe, kijengwe kivuli, na anayempiga punda ashtakiwe, hata kama ni askari. Huyu ndiye wangu. Wengine wanipishe.

Jumapili, 14 Februari
Baada ya kanisa nimekutana na wenye mikokoteni pale kioskini. Wanamtaka Mwalimu lakini wanaogopa. Safari hii hakuna karatasi za kura. Ni mlolongo, Jumatatu tarehe 22 uwanjani kwa shule, unasimama nyuma ya picha ya mtu wako na dunia nzima inakuona. Mzee Wambua akasema yeye ana kesi, ataanzaje kujionyesha. Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, mimi mtu wa ofisi nitasimama mbele yao wote. Wakanipigia makofi. Nilijisikia mtu wa maana.

Alhamisi, 18 Februari
Bosi ameniita, habari za kioskini zimemfikia. Kumbe mwenye malori ni shemeji yake. Hata hakukasirika. "Jumatatu nitakuwa pale uwanjani," akasema. "Na ile nyumba unayokaa ni ya kazi, ama?" Nikasema ndiyo, bwana.

Jumapili, 21 Februari
Sijala. Mama Mutheu anasema nijifanye mgonjwa, kesho nilale tu nyumbani. Nimemfokea mbele ya watoto. Mke wangu ana akili kuliko mimi.

Jumatatu, 22 Februari
Uwanja wa shule. Picha tatu, mistari mitatu. Wenye mikokoteni walikuwa wamefika mapema nyuma ya picha ya Mwalimu, na pale mbele kabisa wameacha nafasi ya mtu mmoja. Yangu. Bosi alikuwa langoni, mikono nyuma.

Nikaipita ile nafasi. Nikaenda nyuma ya mwenye malori.

Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea. Mzee Wambua aliniangalia, halafu akasogea mbele, akaiziba nafasi yeye mwenyewe. Mzee wa watu, na kesi yake.

Mwenye malori ameshinda. Mimi ni mwoga, na sasa mtaa mzima unajua.

Jumatano, 24 Februari
Jua kali. Bomba bado. Tangu jana sijakanyaga kioskini, foleni ya maji ni watu wale wale. Nitawaangaliaje? Nimemwomba bosi maji yaletwe kwa lori. Amesema tutaona. Punda amezoea shida, atavumilia siku mbili tatu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Yule wa kidonda amelala chini tangu asubuhi.

Ijumaa, 26 Februari
Punda wa Mzee Wambua alikufa jana mchana. Kwenye rejista, sababu ya kifo, nimeandika kidonda.

Mzee amefika saa tano akitoka kortini, ana karatasi ya kumchukua mnyama wake na kamba mpya. Nikamwambia. Akaketi kibarazani. Mambo ya uwanjani hakuyagusa hata kidogo. Akauliza tu, "Lakini maji alikunywa, Baba Mutheu?"

Nikasema alikunywa.

Akanishukuru. Akaikunja kamba, akaenda zake.