Alama Nyekundu za Njia ya Mtoni

Ruiru, Jumamosi

Dada Nyambura,

Mvua isiwaharibie viazi huko. Hapa jua linawaka, na uji wa wimbi wa Mama Wanjiku umeninenepesha.

Ofisi ya ustawi wa jamii imenituma kwa kambi za wachuma kahawa. Kila mahali mtoto alipodhuriwa, natia alama nyekundu kwenye ramani. Alama zilijazana kwenye njia moja tu, ile ya mtoni. Karani wetu akasema huko wanakaa watu wabaya. Nilipomwonyesha Mama Wanjiku, anayeuza uji kambini, akatikisa kichwa.

"Watu wabaya wako kila mahali," akasema. "Lakini asubuhi sisi akina mama tuko kwa kahawa, na watoto wanateka maji peke yao."

Akawaita wenzake, wakakubaliana nyanya watatu wasioweza tena kuchuma wawe wanakaa njiani kila asubuhi. Sasa ni mwezi mzima sijatia alama mpya.

Jana nilimsimamisha msichana mdogo pale njiani nimsalimie. Kabla hajaitika, nyanya wote watatu walikuwa wamenizunguka.

"Wewe ni wa nani? Unamtakia nini huyu mtoto?"

Nikataja ofisi, wakakataa kusikia. Nikakalishwa chini kama mwizi mpaka Mama Wanjiku akaja kunitoa. Dada, sijawahi kufurahia kukamatwa namna hiyo.

Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, na umwambie Mama nalala salama.

Mdogo wako,
Wairimu