Kitambaa cha Televisheni

Jumamosi jioni, Ipogolo

Na mimi nilidhani kosa langu ni chumvi kwenye mboga! Tangu mama mkwe afike kutoka Mbeya amenuna tu. Leo nikampeleka kwenye makumbusho ya redio na televisheni, labda atachangamka.

Redio za mbao alizipita tu. Mbele ya TV ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa, akasimama. Akafungua pochi, akatoa kitambaa alichofuma mwenyewe, akaifunika juu, ncha ikaning'inia mbele kwenye kioo.

"Bibi, humu havishikwi vitu," mlinzi akasema.

"Mwanangu, TV inakaaje uchi mbele za watu? Humu hamna mwanamke?"

Mama akanigeukia. "Na yako sebuleni ni hivyo hivyo. Nimevumilia tu."

Kumbe!

Mlinzi alimrudishia kitambaa chake. Heri angekitaifisha. Sasa kimebandikwa kwa selotepu kwenye TV yangu bapa ya ukutani. Mume wangu, mwoga yule, anasema kimependeza. Mama anaimba jikoni. Nami natazama taarifa ya habari, mtangazaji namwona kuanzia kidevuni kushuka chini.