Kaa Watano wa Kharumwa

Kharumwa, Geita
12 Novemba, 1984

Dada yangu Epifania,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute wewe, shemeji Kamili na watoto mkiwa wazima huko Tanga, na goti lako liwe limepunguza makali. Sisi hapa tunapumua. Wifi yako Theopista anakusalimu, na Salvina ameota meno mawili ya mbele, basi anauma kila anayembeba. Mashine ya kusaga inanguruma, duka halijafungwa. Usingizi tu ndio hakuna, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Unawajua wale kaa alionipa shemeji, waliokuja ndani ya jiwe lao la matumbawe. Hawazidi punje ya hindi, wala hawatembei kama kaa wengine. Kila mmoja ana tundu lake jiweni, amejibana humo, na kazi yake ni kutoa nje sharubu zenye manyoya na kuvua chembe zinazopita majini. Shemeji alisema hawatamaliza wiki mbili mikononi mwangu. Nimewatunza miaka miwili, kwenye kona ya duka penye dirisha. Hewa wanapata kwa pampu ya betri ninayoichaji kwenye injini ya mashine. Maji yakipungua naongeza ya mvua, maana chumvi haiondoki na mvuke. Chakula ni vumbi la dagaa lililochujwa kwa kitambaa. Kila miezi mitatu nabadilisha nusu ya maji kwa dumu la bahari unalonitumia kwa treni. Hiyo ni hesabu, si uchawi.

Lakini mwezi wa tatu duara moja, shimo la wachimba dhahabu, liliporomoka na vijana watano wakiwa chini. Kuta zikaendelea kumeguka masika yote, mwenye duara akaamuru lifukiwe. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Padri alitaka kuwasomea misa, mama zao wakakataa. Walisema hawawezi kumlilia mtu ambaye hawajamwona amekufa.

Ndipo mtu, sijui nani, akahesabu kaa dukani kwangu. Watano. Ikawa basi. Mimi niliyeanza kwa kuuza kiberiti njiti moja moja nikasikia kwamba mashine yangu inaendeshwa na misukule, kwamba vijana wale niliwavuta ardhini nikawafanya wadogo watoshe jiweni. Mteja mmoja aliniuliza kwa kejeli kama nawalipa kwa mwezi au kwa debe. Sungusungu wakaja na pinde zao, wakainamia kioo, wakahesabu, wakatoka kinyumenyume. Nusu ya wateja wakahamia kwa Ignas, ambaye mashine yake inasaga mahindi pamoja na mchanga.

Kisha akaja mayu Melania, mama yake Telesphori, mmoja wa wale watano. Nilijua amekuja kunilaani. Badala yake aliketi mbele ya tangi hadi mchana, akitazama zile sharubu zikifunguka na kujikunja, mwishowe akaniuliza taratibu kama mwanawe anakula. Dada, maneno ya kumweleza kuwa ni kaa tu nilikuwa nayo yote. Nikamwambia ndiyo, mayu, anakula vizuri.

Kesho yake wakaja mama wote watano. Waligawana matundu wenyewe, bila ugomvi. Justa alichukua la pembeni, akasema Stanslaus wake hakupenda kusongamana na watu. Tangu hapo wakawa wanakuja kila asubuhi, wanalisalimia jiwe na kusubiri kuitikiwa. Theopista alikihama chumba kinachopakana na duka. Mimi nikajikuta napiga hodi kabla ya kufungua duka langu mwenyewe.

Sasa lililonishikisha kalamu. Wiki iliyopita yule wa pembeni hakutoa sharubu. Nilimchokonoa kwa sindano nikamtoa, amekufa, mwepesi kuliko kapi la mtama. Nilikusudia kumtupa. Nikajikuta nyuma ya ghala na jembe, nimevua kofia, nasoma sala ya marehemu. Na ilipofika mahali pa jina, nikalitaja: Stanslaus. Justa alipokuja nilimpeleka nikamwonyesha. Alifunga kanga kiunoni, akaanguka na kupiga yowe lililojaza kijiji. Matanga yakawekwa, ng'ombe akachinjwa, padri akaja. Jana nimemwona shambani anapanda mahindi, anataniana na jirani.

Nilidhani yamekwisha. Jioni hiyo hiyo Melania akaja peke yake. Hakuketi. Aliniuliza wa kwake atakufa lini, maana na yeye amechoka.

Nimepiga hesabu. Maji niliyonayo yatafika Krismasi, yakichafuka kidogo kidogo. Niliwatunza vizuri, dada, kuliko ambavyo mtu yeyote angeweza huku nchi kavu, na hakuna atakayenishukuru kwa hilo. Dumu la Desemba usilitume.

Msalimie sana shemeji, ila hili usimweleze kwa sasa. Watoto wape mkono wangu mmoja mmoja, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Marcelino