Konokono Yenye Kukosa Jamaa

Kisangani

Kwa bibi yangu Mariamu, kule Kasongo,

Salamu nyingi sana. Umeamuka namna gani, na mutoto wetu ameamuka namna gani? Ananyonya vizuri? Mimi niko muzima, ila nimechoka, mugongo na macho. Sombe ya majani ya muhogo, huku wanaiita pondu, wanaitia mafuta mengi lakini haina mukono wako.

Nimepata habari uliyonitumia. Papa yako anasema kama sifiki mbele ya mwezi kufa, atamupa mutoto jina ya upande wenu. Simukatalii, mutoto hawezi kukaa bila jina. Lakini inaniuma, Mariamu. Kwetu ni baba ndiye anaita jina kwa sikio ya mutoto.

Nilikuwa nifike. Muzungu wangu, ule purofesa, aliniambia: «Tukimaliza kupanga konokono, unapata konje, siku za kupumzika, unaenda kwenu.» Ni konokono za bahari zisizo na nyumba mugongoni. Zinakuja na bato ya mutoni, ndani ya bokali za kioo zenye alkoli, zimepauka kama muhogo uliolowekwa. Tulizipanga kwa kuangalia mugongo: zenye vitu kama manyoya huku, laini kule. Bon, tukamaliza. Nikafunga sanduku yangu, nikanunua na kitenge yako.

Siku ile ile akapasua moja, akaangalia meno yake kwa kioo cha kukuza, akatikisa kichwa. «Mugongo unadanganya. Jamaa yao inajulikana kwa meno.» Donc tukatoa zote tena mezani, tukaanza upya. Nilikasirika mupaka nikakosa hamu ya kula. Sanduku iko chini ya kitanda, ingali na kamba yake.

Sasa zote zimepata jamaa, imebaki moja tu. Mugongo wake ni wa hawa, meno ni ya wale. Leo nikamuuliza kama naweza kwenda, yeye abaki nayo. Akakataa: tungojee bato ilete ingine kama hii. Alors, bato hiyo itafika lini? Hata yeye hajui. Akanituma niweke ile bokali peke yake juu ya kabati. Nikaiweka, nikabaki nimesimama pale, nikifikiri mutoto wangu.

Mariamu, mwezi utakufa mimi nikiwa huku. Mutoto asingoje bato. Ita kaka yangu mukubwa asimame pahali pangu, amwambie kwa sikio jina ya marehemu mama yangu. Papa yako aambiwe ni mimi nimeita, kwa kinywa cha kaka yangu. Naomba asikatae.

Umusalimie papa yako kwa heshima, na mama yako aliyekushika siku ya kuzaa, na dada yangu anayekupikia uji. Kitenge nimemupa shofere wa kamyo ya mizigo, atakuletea. Umubebee nayo mutoto mugongoni.

Ni mimi bwana yako, mwenye kuchoka,

tangu leo Papa Zaina