Gari la Baba, Lenye Gia au Otomatiki

Nyegina,
S.L.P. 218,
MUSOMA.
6 Julai 1994

Mpendwa mdogo wangu Clementi,

Salamu nyingi zikufikie huko Yokohama. Ulituandikia kwamba miezi hii kwenu ni joto la kumwaga jasho hata ukiwa umekaa, nasi tukashangaa, maana tulidhani Japani ni baridi mwaka mzima. Kifua chako kinaendeleaje? Bado unakula ule wali usio na chumvi? Mama anauliza kila Jumapili, nami namjibu kwamba mtu anayebeba matairi kutwa nzima hawezi kuwa anashinda njaa.

Hapa ndipo huwa naandika kwamba sisi huku ni wazima wa afya. Leo kalamu imesimama hapo muda mrefu, na nimeamua nisiandike hivyo.

Barua yako tuliipata pamoja na zile picha mbili. Magari yote ni mazuri, Mungu akuzidishie, ingawa Mama alipoyaona aliuliza watu wengine wanakaa wapi. Milango miwili tu, na tumbo liko chini kiasi kwamba barabara yetu ya kutoka mjini italikwaruza kabla halijafika kanisani. Lakini najua kwa nini ukachagua gari la mbio. Ulikuwa darasa la tatu ulipomwahidi Baba, siku aliyorudi na vumbi la pamba mpaka kwenye kope, kwamba utamnunulia gari lisilobeba mzigo wowote isipokuwa yeye. Hukusahau, na hilo lilimfurahisha kuliko picha zenyewe.

Umeuliza achukue lipi, jekundu lenye gia za mkono au jeupe la otomatiki. Umesema tajiri wako atakushikia yote mawili hadi mwisho wa mwezi huu.

Clementi, kaa chini kwanza. Baba amekatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, tangu mwezi wa tatu. Ni ile sukari. Kilianza kidonda kidogo kwenye kidole, kiatu kilimbana, akakipuuza kama anavyopuuza kila kitu kinachomuuma. Alitukataza mimi na Mama tusikuandikie, akisema utaacha kazi urudi kuja kumtazama. Kwa hiyo zile barua mbili ulizopata baada ya Pasaka, zenye habari kwamba Baba anapalilia mihogo, niliziandika mimi huku yeye akiwa kitandani. Nisamehe. Nimekudanganya kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nimeona aibu kila nilipobandika stempu.

Sasa unaelewa swali lako lilivyotuingia. Mtu yeyote angesema otomatiki na mambo yakaisha, maana mguu wa kulia anao na wa kushoto humo hauna kazi. Nami nilimwambia hivyo siku ileile. Alinitazama kama nimemtukana. Akasema, "Gari inajibadilishia gia yenyewe, sasa mimi humo ni dereva au ni abiria?"

Kisha akaanza habari za mwaka wa themanini na tatu. Wewe ulikuwa shule ya bweni wakati ule, labda hukumbuki vizuri. Vipuri havikuwepo nchi nzima, hata sabuni tulipanga foleni. Klachi ya lori lake iliisha mwanzoni mwa msimu na kule ushirika wakamwambia asubiri. Hakusubiri. Alibeba pamba msimu mzima bila klachi, Bunda hadi Butiama, Butiama hadi Musoma. Kila alipoegesha aliegesha mteremkoni ili liondoke lenyewe, na gia alizipokea kwa sikio, akiuacha mngurumo wa injini ushuke mpaka ufike pale anapopajua yeye, halafu anaisukuma inaingia kimya. Madereva wenzake walikuwa wanapanda naye makusudi ili waone. Nadhani ndiyo miaka aliyofurahi kuliko yote, taabu ile na ukosefu ule wote. Sasa maduka yamejaa kila kitu, klachi zinauzwa mpaka sokoni, na yeye walimpunguza kazini. Wanunuzi binafsi wa pamba wamekuja na malori yao na vijana wao.

Kwa hiyo alikuwa na hoja. "Lori la tani saba niliendeshaga bila klachi, gari ya mtoto wangu ndiyo itanishinda?" Akaomba apewe gari athibitishe. Nilikataa. Mama alikataa. Lakini unamjua binamu yetu Apolinary, hana uwezo wa kumwambia Baba hapana. Siku hizi ana pikapu ya kupelekea sangara kiwandani, na Jumapili ya tarehe kumi na mbili Juni, baada ya misa ya kwanza, aliileta kwenye uwanja wa mpira wa misheni akaiegesha mahali penye mteremko.

Baba alivaa ile kofia yake ya kazi. Tulimpandisha, magongo tukayaweka nyuma kwenye maboksi ya samaki. Na nakwambia ukweli, Clementi, aliendesha. Ilijivuta, ikaruka kidogo, ikaondoka. Gia ya pili iliingia bila kelele hata chembe, ya tatu nayo ikaingia. Alizunguka uwanja mara mbili, mkono mmoja umening'inia dirishani. Mama alikuwa analia na kucheka. Nami nilisimama pale nikasema moyoni, nitamwandikia Clementi alete jekundu.

Mzunguko wa tatu mbuzi wa Mzee Keraryo akakatiza mbele yake. Mbuzi tu. Baba hakufikiri, na hakuna dereva anayefikiri katika hali ile. Miguu yake miwili ilikwenda kwa pamoja kama ilivyokwenda miaka ishirini na sita, wa kulia kwenye breki na wa kushoto kwenye klachi. Ule wa kushoto haukukuta kitu. Alijitupa kwa uzito wake wote juu ya mguu ambao haupo, kigutu kikagonga chuma cha chini ya dashibodi, mwili ukapinda, na wa kulia ukateleza kutoka kwenye breki. Pikapu iliingia kwenye rundo la matofali ya misheni ikazimika.

Mbuzi ni mzima. Pikapu ilivunjika taa. Baba alikaa mle ndani ameshika usukani na hakutaka tumshushe. Nilipofungua mlango niliona suruali imeloa damu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Justina, mguu umeenda wenyewe." Tangu siku hiyo hajagusia tena habari za mwaka wa themanini na tatu.

Kidonda kilipasuka na hakijafunga. Daktari amesema sumu inapanda na lazima akatwe tena, safari hii juu ya goti. Anaweza kumsafisha kwa dawa hadi katikati ya mwezi wa nane, zaidi ya hapo hawezi kuahidi kitu. Baba amekataa. Hagombi wala hafoki, amegeukia ukutani tu. Katekista amekuja, Mama amepiga magoti, mimi nimesema mpaka nimekosa la kusema. Jibu lake ni kwamba amekatwa mara moja inatosha, na mtu aliyebaki kiuno tu atakwenda wapi.

Nina huzuni ambayo sijui niiweke wapi. Darasani nafundisha hesabu za kugawanya, natoka nje naegemea ukuta wa ofisi mpaka kengele ilie. Ningemzoea Baba mwenye mguu mmoja. Baba asiyetaka kwenda mahali popote simjui.

Wiki iliyopita ndipo likatokea jambo dogo. Nilikuwa namwosha, akauliza kama nimekujibu. Nikasema bado. Akasema nilete karatasi, akanitajia maneno nami nikaandika: uchague jekundu, la gia za mkono, na habari ya mguu usiijue. Akatia sahihi. Halafu akasema, akitazama ukuta uleule, "Nikisikia gari imepanda meli, nitaenda kwa huyo daktari." Nilimwomba arudie. Akarudia.

Kwa hiyo sasa nakujibu. Uchague jeupe, mdogo wangu. Jekundu likija Baba hataliendesha kamwe, hata kwa sikio lake lote lile, maana akishakatwa juu ya goti hata ile mizunguko miwili hataiweza tena. Litakaa uani, atalitazama kila asubuhi, na hilo litammaliza haraka kuliko sukari. Jeupe anaweza kukaa ndani yake na mguu wake mmoja akafika Bunda na kurudi.

Lakini usimwambie umelichagua. Tuma telegramu siku hiyohiyo utakapopata barua hii, usingoje kuandika. Sema hivi: JEKUNDU LIMEUZWA. JEUPE LIMEPANDA MELI. CLEMENTI. Mimi nitamsomea. Atakasirika, atakuita mzembe aliyechelewa, atasema otomatiki ni gari la wavivu. Mwache aseme. Kule ushirika dereva hakuwa anachagua lori, likishapakiwa na jina lako likaandikwa unapanda tu, na Baba katika umri wake wote hajawahi kulikataa gari lililokwisha pakiwa. Afadhali akulaumu wewe kwa kuchelewa kuliko aulaumu mwili wake. Naomba uibebe lawama hiyo, kwa kuwa ya kwangu ya kukudanganya tayari naibeba.

Mama anakusalimu sana, anasema uvae vizuri. Apolinary anakusalimu kwa aibu, haji hapa siku hizi mpaka nimwite. Wanangu Hana na Thadeo wanamsalimu mjomba wao. Baba hakutuma salamu kwa barua hii kwa sababu hajui kama ninaiandika. Mungu akulinde na vyuma vizito vya huko, na aifikishe barua hii mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Justina Masatu

N.B. Karatasi ya Baba nimeikunja humu ndani. Mwandiko ni wangu lakini sahihi ni yake, angalia ilivyonyooka, mkono bado ni wa dereva. Isome taratibu, uitunze, kisha usimtii.