Boma la Bi Edna

Jumapili, 6 Oktoba 1996

Nimemwogesha Bi Edna, kanywa uji, dawa zote kameza. Kisha wimbo ule ule: niandike historia ya nyumba yake hii ya shamba kabla haijavunjwa. Ijumaa ya wiki ijayo. Wajenzi wameshanunua ardhi. Mji mzima wa Inver Grove Heights sasa ni nyumba mpya.

Anasema babu yake alikuwa bwana mkubwa toka ng'ambo, akaijenga kibwana. Anataka ushahidi. Mimi ndiye mwanafunzi wa historia, sina pa kukimbilia. Wala siwezi kumnyima. Baridi iliyopita nilikuwa sina pa kulala, akanipa chumba cha juu na koti la marehemu mumewe. Mikono inanimeza. Ninalivaa hivyo hivyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepima. Sebule kubwa mno kwa mkulima, mlango mpana ajabu. Huenda kweli. Bi Edna kafurahi, kajipaka hadi rangi ya mdomo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimebandua mbao za ukuta wa sebule. Nyuma yake pete nne za chuma, mstari mmoja, usawa wa goti. Chini ya sakafu, mfereji wa mawe.

Nimekulia Moshi, kwenye ng'ombe. Siwezi kukosea. Sebule ya bwana ilikuwa zizi. Watu upande huu, ng'ombe upande ule, paa moja.

Nimeogopa. Nikisema, nitamvunjia nyumba kabla ya wavunjaji. Nimdanganye, mtu aliyenivika? Hapana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimemwambia asubuhi, tukiwa garini tunalisubiri tingatinga. Kashika kikombe cha chai hadi ikapoa. Nikamweleza kwamba kwetu ofisi ya mkuu wa wilaya ni boma, na zizi la ng'ombe ni boma. Neno moja. Akataka nilitamke tena, polepole.

"Basi ile baridi ya kwanza joto la ng'ombe liliwaokoa, hawakuganda," akasema.

Nyumba imeanguka haraka mno. Muda wote alishika mkono wa koti langu. La mumewe. Nimelia mimi, yeye hakulia.

Jumapili, 3 Novemba

Theluji kidogo. Tuko mjini Roseville kwa binti yake; nami nimepewa chumba. Mungu awabariki.

Historia imetoka kurasa mbili. Neno "bwana" kalikata mwenyewe kwa kalamu. Juu kaandika BOMA.

Pete moja niliyoiokoa tumeipigilia hapa karibu na mlango. Ndipo ninapotundika koti.